Bingwa wa Gizani

Kabla jua halijatoka, hakuna mtu Moiben aliyeweza kumshinda mume wangu. Tatizo ni kwamba saa hizo hakuna mtu aliyemwona. Ni mimi tu, na hata mimi nilimsikia zaidi ya kumwona, kwa sababu nilikuwa mbele yake kwenye baiskeli nikimvuta, naye yuko nyuma yangu kwa miguu, anapumua taratibu kama mtu aliyekaa kwenye kochi. Jua likichomoza, Kiplimo anakufa. Sisemi kufa kwa kuzikwa. Nasema kufa kwa wakimbiaji: miguu inakuwa mizito, mdomo unabaki wazi, shingo inalala upande, na mwanamume mzima anaanza kutafuta ukuta wa kuegemea.

Mimi ni Nanzala, mtoto wa mtaa wa Huruma, pale Eldoret. Nilikulia katika nyumba ambayo sebule ilikuwa nusu viti na nusu baiskeli. Baba alikuwa fundi, kaka yangu Tyson ni fundi, na mimi nilijua kuziba pancha kabla sijajua kusuka nywele. Nilipoolewa Moiben, kwa watu wa mahindi na maziwa, niliingia bomani nikiendesha baiskeli yangu mwenyewe, sanduku limefungwa kwenye keria. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Mama mkwe wangu, Mama Esther, alinipokea kwa moyo mweupe, lakini aliizunguka ile baiskeli akiichungulia chini kana kwamba anatafuta pa kuikamua.

Sasa, baba mkwe wangu, Mzee Kipyego, ni mtu wa maneno machache, na yakishatoka hayarudi. Alimwambia Kiplimo kwamba mjini Eldoret kuna mbio za kilomita kumi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akiingia katika kumi bora, aendelee na riadha yake, hakuna atakayemuuliza kitu. Asipoingia, mchezo umekwisha. Atachukua kazi ya kupeleka maziwa kituoni kila alfajiri, na baiskeli itafungwa mitungi.

Aliyeambiwa ni Kiplimo, ila aliyeshtuka ni mimi. Alfajiri ilikuwa saa yetu. Lile boma limejaa watu, kuku na wageni wa chai, na hakuna kona ambayo mtu na mume wake wanaweza kuongea bila shangazi fulani kuchangia. Barabarani, gizani, nilikuwa naye peke yangu. Mimi nakanyaga pedali, yeye ananisimulia ndoto alizoota, ananiimbia, ananitania kwamba kwa nyuma, juu ya baiskeli, naonekana mtu mwenye hasira hata nikiwa nimefurahi. Niliipenda saa hiyo kupita kiasi, na sioni sababu ya kuficha. Kufikiria yeye akiondoka na mitungi na mimi nikibaki na sufuria kulinikosesha raha kabisa.

Kwa hiyo nilimfanyisha mazoezi kama askari. Tyson alikuwa ametupa zawadi ya harusi: taa kali ya mbele, ya kuchaji, na kompyuta ndogo ya baiskeli, ile inayokuonyesha kasi unayokwenda. Sisi tuliiita mita. Alizifunga zote mbili kwenye usukani, bega kwa bega, akasema zimekaa kama bibi na bwana harusi. Kupima nilipima mwenyewe, maana kazi ya kupima simwachii mtu. Sumaku inafungwa kwenye spoki ya gurudumu la mbele, na kwenye uma ulioshika gurudumu hilo kunafungwa kidude cha kuhesabu. Kila gurudumu likizunguka, sumaku inapita mbele ya kidude, nacho kinaitumia mita habari bila waya.

Lakini mita haijui gurudumu lako ni kubwa kiasi gani mpaka uiambie, na hapo ndipo watu wengi hubahatisha. Mimi nilichora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni, nikaikalia baiskeli ili tairi libonyee kama linavyobonyea barabarani, Tyson akanisukuma hadi chaki ikarudi chini, tukapima kwa utepe. Kisha tukaipeleka barabara yenye vibao vya kilomita, mchana kweupe, na mita ikakubaliana na vibao bila ubishi. Baada ya hapo, mtu angeniambia mita yangu inadanganya ningemwonyesha mlango.

Basi kila alfajiri tulitoka, taa imewaka, mita inasema ishirini. Ishirini kwa saa si mchezo. Ni kasi ya watu unaowaona kwenye televisheni. Na Kiplimo alikuwa anapiga hiyo ishirini huku akiniuliza kama nilikumbuka kufunga mlango wa kuku. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Nilijiona nimeolewa na bingwa wa dunia ambaye dunia bado haijapewa taarifa.

Tukifika dipu ya ng'ombe, pale wanapooshewa dawa ya kupe, kunakuwa kumepambazuka. Nazima taa, chaji isiishe bure. Basi hapo hapo mita inashuka, kumi na sita. Nilidhani namhurumia bila kujua, kwamba nimesikia amechoka na miguu yangu ikalegea yenyewe. Nakanyaga kwa nguvu, narudisha ishirini, na nyuma yangu nyimbo zinakatika. Tukifika kanisani anapumua kama msumeno. Tukifika kwenye mashine ya kusaga mahindi, amekwisha, ameshika magoti, na akina mama waliokuja na magunia yao wanamwonea huruma.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mama Esther alisema ni mursik, maziwa yetu ya kibuyu anayokunywa usiku, inaganda tumboni jua likitoka, akamnyima. Akafa vile vile, tena akiwa na njaa. Mwalimu Obiero, jirani yetu, alisema mwangaza unamwingia machoni, akamletea kofia. Akafa amevaa kofia. Mzee Kipyego aligonga paji lake la uso kwa kidole, akasema ugonjwa uko hapo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema ni uvivu. Nilimwambia mbele ya watu kwamba jua ni la kila mtu na wenzake linawachoma pia. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea, hakunisimulia ndoto yoyote.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alianza kuamini. Mashariki ikianza kuwa nyekundu, sauti yake inapungua kama ya mtoto aliyeiona sindano. Na mbio za mjini zilikuwa zinaanza saa tatu asubuhi, kweupe pe. Hakuna mahali Kenya hii wanapokimbia kilomita kumi gizani.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mbio, stima ilipotea jioni wakati Mama Esther anasonga ugali. Taa ya mafuta haikuwa na mafuta, na simu yangu ilikuwa imezima. Nikaingiza baiskeli jikoni, nikaisimamisha kwa stendi yake, nikaelekeza taa kwenye sufuria, nikaiwasha. Mama Esther alifurahi, akasema hata sinia za juu ya kabati sasa anaziona. Akaendelea kusonga. Halafu akaacha, mwiko umesimama juu ya sufuria.

"Nanzala," akasema, "hii baiskeli yako inaenda wapi?"

Nikamwambia haiendi popote, Mama, imesimama. Akanionyesha kwa mwiko. Nikainama. Mita ilikuwa imeamka na inasema nne.

Nilitazama gurudumu. Limetulia. Nikalishika kwa mkono, nikalibana. Nne. Baiskeli imeegeshwa kati ya gunia la mahindi na ndoo ya maji, na inatembea kilomita nne kwa saa, kasi ya mtu anayekwenda dukani bila haraka. Mama Esther alirudi nyuma hatua moja na kuanza kulitaja jina la Yesu, kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Nilizima taa ili nifikirie. Gizani nikabonyeza mita, ikasema sufuri. Nikawasha taa. Nne. Nikazima. Sufuri. Hapo Mama Esther akaacha kuomba na kuanza kucheka, akaniambia niwashe tena, na tena, na kila ikisema nne anapiga paja lake. Ugali ulianza kunukia kuungua na hakuna aliyejali.

Lakini fundi haridhiki na kucheka. Nilifanya alivyonifundisha baba, unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Niliisogeza sumaku mbali na kidude. Bado nne. Nikakifungua kidude chenyewe, nikatoa betri yake, nikampa Mama Esther aishike. Bado nne. Sasa mita ilikuwa inapokea habari kutoka kwa nani, wakati anayetuma habari amelala kiganjani mwa mama mkwe wangu? Nikaifungua taa kutoka kwenye usukani, nikarudi nayo nyuma hadi mlangoni. Sufuri. Nikaisogeza karibu na mita. Nne. Ni taa ndiyo iliyokuwa inasema na mita.

Niliazima simu ya Mama Esther, ile ya zamani isiyo na tochi, nikampigia Tyson. Akasema, "Sista, hizo taa kali zingine huwa na kelele, ni vile tu wewe huisikii. Unajua redio vile hulia krr-krr simu ikiwa karibu? Ni hivyo. Ningeziweka mbali mbali, pole." Nikamwambia asiombe msamaha bado, kwanza sijajua kama nimpige au nimkumbatie.

Maana hesabu ilikuwa imeanza kunijia, na haikuwa nzuri. Taa ikiwaka, mita inaongeza nne. Kwa hiyo ile ishirini ya gizani, ile ya nyimbo na ndoto, ile ya kuulizana habari za kuku, ilikuwa kumi na sita. Kumi na sita hapa kwetu hata wasichana wa shule ya upili wanakimbia wakipiga gumzo. Nilikaa kwenye kigoda cha kukamulia. Bingwa wangu wa dunia alikuwa ameyeyuka, na aliyebaki ni mwanamume mzuri tu anayefaa kupeleka maziwa. Nilisikia machozi yanakuja, na sikuyazuia.

Mama Esther aliufunika ugali, akaja akasimama mbele yangu, betri bado iko mkononi.

"Na mchana?" akauliza.

Sikuelewa. Akauliza tena, pole pole, kama anayemfundisha mtoto: ukishazima taa pale dipu, mita inasema nini? Nikamwambia ishirini, kwa sababu naikanyaga mpaka irudi ishirini. Na hiyo ni ya uongo pia? Hapana, nikasema, taa ikizimwa mita haina makosa, niliipima mwenyewe kwa chaki. Nikasikia maneno yangu yakitoka mdomoni, nikainuka kigodani.

Kutoka dipu hadi kwenye mashine ya kusaga, mume wangu alikuwa anakimbia ishirini ya kweli. Kila siku, na miguu iliyokwisha kukimbia gizani. Kwa hiyo ndiyo maana hata mapaja yangu yalikuwa yakiwaka pale, na mimi nikidhani ni kamlima. Na mwanzoni hakuwa akifika hata kanisani, alikuwa anafia kwenye daraja lililo kabla ya kanisa. Kisha akafia kanisani. Sasa anafia kwenye mashine. Kifo chake kilikuwa kinasonga mbele wiki hadi wiki, na sisi tukamnyima mursik na kumvisha kofia. Hii ni Moiben. Mtu akishindwa kukimbia, watu wanachunguza miguu, tumbo, moyo na ukoo wa mama yake. Taa haichunguzwi na mtu.

Tulitoka jikoni mbio, mimi na Mama Esther, yeye bado na mwiko. Kiplimo alikuwa zizini anamalizia kukamua kwa mwanga wa simu. Nilimweleza vibaya, nikianzia mwisho, nikirudi mwanzo, na Mama Esther akinirekebisha. Alisikiliza, kichwa chake kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Tulipomaliza aliinua kichwa.

"Kwa hivyo ile nilikuwa nafurahia," akasema, "haikuwa mbio?"

"Hiyo ulikuwa unatembeza bibi yako tu," nikasema.

"Na ile nilikuwa nalia?"

"Hiyo sasa ndiyo mbio."

Alianza kucheka pole pole, kisha akacheka hadi ng'ombe akapiga teke ndoo na maziwa yakamwagika, na Mama Esther, mwanamke asiyevumilia hata tone la maziwa chini, akacheka naye. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la uvivu. Akasema atanisamehe nikimrudishia mursik, na Mama Esther akasema hiyo ni juu yake.

Ijumaa alfajiri tulitoka kunyoosha miguu kidogo tu, na shida ikawa taa ikae wapi. Mwisho wa usukani, mita bado inaongeza moja. Kwenye keria, inamulika tulikotoka. Kichwani kwangu, ilining'inia hadi puani. Mwishowe nilichukua ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya zamani, nikaifunga kifuani kwa Kiplimo. Hapo mita ikatulia kabisa. Ila mwenye taa ndiye anayetangulia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza yeye akawa mbele na mimi nikawa nyuma. Nilimwambia ni kwa ajili ya mita, asije akajisikia.

Jumamosi mjini, jua lilikuwa limekaa juu ya majengo utadhani limelipiwa tiketi. Mzee Kipyego alikuwa amesema haji, ana kazi. Nilimkuta amesimama karibu na mwisho wa mbio, na gambuti zake za shambani, vidole vyote kumi ameviinua kifuani tayari kuhesabu. Nikasimama pembeni yake, nikamsalimia, akaitikia bila kugeuka.

Walipotokea kwenye kona, alianza kukunja vidole. Mmoja, wawili, kundi la watatu. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kwa Kikalenjin, bila upendeleo wowote, kama anahesabu ng'ombe wa watu wengine. Alikuwa amebakiza vidole viwili hivi nilipomwona Kiplimo. Shingo yake ilikuwa imelala upande. Mdomo wazi. Alikuwa anakufa vizuri kabisa, kama anavyokufa kila asubuhi pale kwenye mashine, na jua lote usoni, na alikuwa anaendelea kuja. Mtu mmoja alikuwa mbele yake, mwingine begani, mwingine tena nyuma kidogo. Nilipiga kelele niliyoitunza tangu siku ya harusi.

Sijui Mzee alifikia kidole kipi. Ninachojua ni kwamba kofia yake ilikuwa hewani, na mikono yake, iliyokuwa na hesabu, ilikuwa imemkumbatia mwanamume tusiyemjua aliyekuwa anauza maji, na wote wawili wanaruka. Baadaye majina yaliposomwa, Kiplimo alikuwa wa kumi na moja. Niliyasikia mwenyewe.

Mume wangu alikuja kwa baba yake akichechemea, akasimama mbele yake, akasubiri. Mzee aliokota kofia, akaikung'uta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi nilihesabu mpaka nane," akasema. "Halafu nikaona mtoto wangu. Nyinyi mlitaka nihesabu na nini?"

Kisha akamgeukia yule muuza maji, akamwonyesha Kiplimo kwa kidevu, akamwambia huyu huwa anaanza kukimbia wengine wakichoka. Habari ya maziwa haikutajwa tena. Siku iliyofuata, kabla ya kwenda kanisani, nilimwona akipima mgongo wa punda kwa kamba, ananung'unika kwamba mitungi haijawahi kupenda baiskeli.

Jumatatu tulitoka kama kawaida, yeye mbele na taa kifuani, mimi nyuma na mita yangu. Aliniimbia hadi kwenye dipu. Nyuma ya mashamba ya mahindi mashariki ikawa nyekundu, na nikangoja sauti yake ipungue. Haikupungua. Kulipokucha sawasawa nikamwita, nikamwambia azime taa, anamaliza chaji bure.

"Kuja unishike," akasema bila kugeuka, "uizime wewe."

Nikakanyaga. Tulipita kanisa, tukapita mashine ya kusaga, na akina mama wa magunia wakasimama kutazama mwanamume anayekimbia na taa mchana, anayefukuzwa na mke wake kwa baiskeli. Mita ilisema ishirini na moja. Hii haikuwa na nne ya taa ndani yake, nami sikuwa na pumzi ya kumwambia.